Programu Tatu, Maiti Moja

Palikuwa na nchi, na mpaka leo ipo, kwa sababu nchi za namna ile hazifi, wanaokufa ni watu wake. Ilikuwa na mlima, mto, bendera na Wizara ya Habari Zinazofaa. Mlima ulishaliwa nusu kwa kokoto, mto ulikuwa unakauka, bendera ilifuliwa kila Ijumaa, lakini wizara ilikuwa haijambo kabisa.

Mwaka mmoja serikali ikaona wananchi wanateseka. Si kwa njaa, njaa walishaizoea. Waliteseka kwa kusoma habari ovyo. Mtu anaamka, anafungua simu, anasoma kwamba daraja limeanguka. Hajakaa sawa, anasoma kwamba halijaanguka. Siku nzima hana raha, na jioni akifika darajani anatumbukia mtoni kichwa kimejaa mawazo. Waziri alilia bungeni kwa ajili ya watu hao, akapewa leso na maji ya chupa, na alipomaliza kulia akasoma Sheria ya Uhuru wa Kuchagua. Kila mtu mzima achague programu moja ya kusomea habari, aiweke kwenye simu yake, aishi nayo mpaka kufa. Asiye na simu achague vilevile, simu ataitafuta akiwa kifungoni.

Programu zilikuwa tatu, maana uhuru ni uhuru. Ya kijani iliitwa Pambazuko, ya njano Macheo, ya bluu Asubuhi. Zote ziliandikwa wizarani, ghorofa ya nne, na mabwana watatu waliokaa meza moja na kunywa chai ya birika moja. Likitokea jambo, bwana wa kijani aliandika kwamba hakuna kilichotokea. Bwana wa njano aliandika kwamba limetokea na kosa ni la wananchi wenyewe. Bwana wa bluu aliandika kwamba limetokea, serikali ikaliwahi, sasa kila mtu ni mzima na anashukuru. Kisha walipeana sukari.

Hata siku ya kuchagua haijafika, watu walishaanza kuumizana. Kinyozi mmoja wa stendi, mtu wa kijani, alimkata mteja sikio alipojua ni wa njano, akalifunga kwenye karatasi ya gazeti aende nalo nyumbani. Wanakwaya wa parokia nzima walipigana kwa mabenchi katikati ya wimbo, sauti ya kwanza ikaivunja sauti ya tatu mbavu. Mama mmoja alimmwagia jirani uji wa moto kwa sababu ya rangi ya kanga. Waziri akasema redioni kwamba amefarijika sana, hajawahi kuona taifa lenye mwamko wa kusoma kama lile.

Basi katika nchi hiyo alikuwepo mpasua kokoto aitwaye Sekidio. Alikaa Machimbo, chini ya mlima, na kwa miaka thelathini na moja alikuwa ameugongagonga mlima huo kwa nyundo, kipande kwa kipande, ili wakubwa wajengewe barabara za kupita haraka wasimwone. Darasa la pili hakulimaliza. Vidole vyake vilikuwa vimeota ngozi ngumu kama kwato, na kioo cha simu hakikuvitambua. Akibonyeza, simu inakaa kimya kama ofisi ya ardhi. Kwa hiyo simu ya nyumba ile ilibonyezwa na mkewe, Nakijwa. Sekidio anaishika, anasema mtafute fulani, Nakijwa ananyoosha kidole anabonyeza, huku mkono mwingine unakoroga mboga. Walishaishi hivyo muda mrefu hata hawakuona kama ni jambo.

Wakubwa hawakufikiria vidole kama hivyo. Wakubwa vidole vyao ni laini, kazi yao ni kunyooshea watu. Sheria ikasema kila mtu abonyeze kwa kidole gumba chake mwenyewe, mbele ya ofisa.

Uchaguzi wa Machimbo ulifanyika uwanja wa shule. Mezani alikaa Afande Tibezuka, mwenye kitambi na kalamu nne mfukoni, na mbele yake simu moja ya serikali iliyofungwa mnyororo kwenye mguu wa meza. Pembeni walisimama mgambo wenye marungu, walioitwa Wasaidizi wa Wachaguaji. Aliyechelewa kuchagua alisaidiwa bega. Aliyeuliza tofauti ya programu hizo ni nini alisaidiwa magoti, kisha akabebwa kuchagua akiwa amelala.

Nakijwa alibonyeza kijani akasogea kando. Ikaja zamu ya mumewe. Sekidio akabonyeza, simu kimya. Akabonyeza tena. Akalamba kidole, akakifuta kwenye suruali, akabonyeza mara ya tatu. Afande akamuuliza kama anaidharau serikali. Akasema hapana Afande, ni kidole tu. Msaidizi akamsaidia ubavu, kitu kikalia ndani kama kijiti kikavu. Watu waliokuwa nyuma wakaanza kuguna kwamba mzee anawacheleweshea uhuru wao. Sekidio amejikunja, mkono mmoja umeshika mbavu, mwingine bado uko juu ya kioo.

Ndipo Nakijwa akafanya alichokuwa akifanya kila siku. Hakuwaza. Alinyoosha kidole akambonyezea.

Simu ikaimba. Afande akaangalia kioo, akamwangalia mwanamke, akafungua kijitabu chake. Kuchagua mara mbili, kifungu cha tisa, fimbo saba. Fimbo hazikuwa zimeletwa, kwa hiyo yakatumika marungu, na kwa sababu sheria inataka haki itendeke, akawekwa mgambo mmoja wa kuhesabu. Alihesabu vizuri mpaka tano. Kwenye tano simu yake ikalia, akaitoa, akasoma kwa sauti kwamba uchaguzi unaendelea kwa amani na akina mama wamejitokeza kwa wingi. Alipomaliza kusoma, hesabu ilikuwa imempotea. Akaomba waanze upya. Wakaanza upya. Simu ikalia tena.

Sekidio alishikwa na watu wanne. Alipiga kelele kwamba zimepita, zimeshapita, zimefika kumi na moja, zimefika kumi na tatu. Wakampiga mdomoni asimchanganye anayehesabu. Jino lake moja lilimezwa na jingine likabaki kwenye nyasi. Mara ya tatu mhesabuji akafika saba bila kukatizwa, akafurahi, akafunga mkono. Mwanamke alikuwa ameshaacha kusogea siku nyingi, kama siku zinaweza kupita katika robo saa. Afande akaandika kwenye fomu kwamba mchaguaji wa pili kidole hakikupatikana, apewe mpaka Ijumaa akachague wizarani. Akaita anayefuata.

*

Chumba cha maiti cha wilaya kilikuwa chini ya Mzee Kitojo, mtu mpole, mwenye koti la mpira na ugonjwa wa kufuata taratibu. Sekidio alipokuja kesho yake na mkokoteni kumchukua mkewe, Kitojo alimpa kigoda, akampa pole, kisha akamwambia hawezi kumtoa.

Taratibu zilikuwa zimebadilika. Zamani mtu alikufa kwa kukata roho. Sasa hapana. Kifo lazima kionekane kwenye programu ya mwenye maiti, na mwenye mke ni mume, hakuna mwingine. Mume afungue simu yake, kifo kiwepo, ndipo Kitojo afungue mlango. Kabla ya hapo, yule mwanamke aliyelala kwenye bati mule ndani alikuwa kwenye daftari kama mgeni.

Sekidio akamwambia kwamba programu hajapata, ndiyo iliyomuua mkewe. Kitojo akaona amsaidie. Aliwaita wahudumu wake wawili, mmoja wa kijani, mmoja wa njano, na yeye mwenyewe alikuwa wa bluu. Wakafungua simu zao juu ya meza ya kuoshea maiti, wakamsomea. Kijani haikuwa na kitu kuhusu Machimbo ila picha ya mtoto ameshika bendera. Bluu ilisema mama mmoja aliteleza uwanjani kwa furaha, serikali ikampandisha ndege, sasa anatibiwa ng'ambo na anakula mwenyewe. Njano ilisema mwanamke wa Machimbo ameuawa na mumewe kwa wivu, na mume huyo mkatili anatafutwa.

Sekidio aliomba zirudiwe. Zikarudiwa.

"Sasa sikiliza, mzee mwenzangu," Kitojo akasema. "Ukichagua kijani, mkeo hajafa, kwa hiyo humu ndani hayumo. Kisichokuwemo Jumamosi kinatupwa kwenye shimo la chokaa. Ukichagua bluu, yuko ng'ambo, utamsubiri arudi. Na huyu hapa anakwenda shimoni vilevile."

"Na njano?"

"Njano nakupa saa hiyohiyo, na sanda juu. Ila utanyongwa."

Mhudumu wa njano akaongeza kwamba wanyongaji wa siku hizi wana kamba nzuri, za nailoni, si kama zamani. Kitojo akamkanyaga mguu.

Sekidio akarudi na mkokoteni mtupu. Njia nzima alikuwa anawatukana wakubwa kwa sauti ya chini, mmoja mmoja, kwa cheo, kuanzia waziri mpaka dereva wake. Walimnyang'anya mke wakiwa wanamsaidia. Sasa wanamtaka achague yeye mwenyewe jinsi ya kumpoteza mara ya pili, na wameita jambo hilo uhuru.

*

Alhamisi alikuja Mbonea, kaka yake Nakijwa, mtu wa mlimani, mkulima wa ndizi. Sekidio alikuwa amemtumia salamu kwa mdomo wa wauza maziwa kwamba dada yako amefariki. Lakini Mbonea alikuwa wa bluu, na simu yake ilimwambia dada anakula mwenyewe ng'ambo. Mtu anayesema mtu aliye hai amekufa anamchuria. Au anataka kuoa. Mbonea alipiga hesabu hizo zote akiwa anashuka mlima, na alipofika Machimbo alikuwa na panga mkononi na povu mdomoni.

Hakubisha hodi. Alimkuta shemeji yake ameinama kwenye lundo la mawe, akamkata bega. Panga likaingia nyama likagota kwenye mfupa. Alipolichomoa ili akate tena, Sekidio alishageuka na nyundo ya kilo sita juu ya kichwa, na wapasua kokoto wenzake wanasema kama ingeshuka, Mbonea angezikwa kwa kijiko.

Haikushuka. Sekidio aliiweka chini polepole, damu inamchuruzika mpaka kwenye viatu.

"Shemeji, ukimaliza kunikata twende ukamwone," akasema. "Mimi hawanipi."

Wakaenda, mmoja anavuja, mwingine bado ameshika panga kwa mashaka. Kitojo aliwaambia kwamba mtu wa bluu haruhusiwi kuona maiti ambayo haijarudi kutoka ng'ambo. Kisha akasema anakwenda kufunga bomba, na akapita karibu na lile bati, na shuka likanaswa na kifungo cha koti lake, likavutwa mpaka kiunoni. Alikaa bombani muda mrefu.

Mbonea aliangalia. Aliona alama, na kila alama ina upana wa rungu, na marungu yale nchi nzima inayajua, yanachongwa na wafungwa, yamevikwa mpira wa tairi kichwani unaoacha chapa yake. Mume hana kitu kama hicho. Alivua kofia. Halafu alitoka nje, akaiweka simu yake juu ya ukingo wa kisima, akaipiga kwa ubapa wa panga mpaka ikawa unga, na kwa tendo hilo peke yake alikuwa ameshajipatia miaka minane jela. Akasema anakwenda kumchinja Tibezuka.

"Ukimchinja watampigia mizinga," Sekidio akamjibu. "Watamzika na bendera. Nakijwa ataenda kwenye chokaa. Kesho ni Ijumaa, shemeji. Nishike huku niende wizarani."

*

Wizara ilikuwa na idara ya kila kitu, na kumbe ilikuwa na Kitengo cha Kulainisha Vidole. Serikali ilishagundua kwamba wapasua kokoto, wakata mkonge na wafua vyuma hawachagui, ikaona huo ni unyonge, na serikali haipendi unyonge. Sekidio alikalishwa kwenye kiti chenye mikanda. Akaja bibi mmoja nadhifu, miwani, kucha nyekundu, akamsomea haki zake: haki ya kukaa, haki ya kulia kwa kiasi, haki ya kupongeza. Kisha fundi akaleta tupa, ile ya kunolea misumeno.

Ngozi ya juu ilitoka kama magamba ya samaki. Ya pili ilitoka na maji. Ya tatu ilitoka na sauti, na sauti ilikuwa ya Sekidio, na Mbonea aliyekuwa nje ya mlango aliuma kofia yake. Kila baada ya misuguo kumi fundi alikibandika kidole kwenye kioo cha simu ya Sekidio mwenyewe, simu kimya, akarudia. Bibi nadhifu alikuwa anamweleza kwa sauti ya mwalimu wa chekechea kwamba Mheshimiwa Waziri mwenyewe huguswa sana na zoezi hili, ndiyo maana hajawahi kuja kulitazama.

Ilipobaki nyama nyekundu tupu, kioo kikawaka.

"Hongera, baba. Umetambuliwa," bibi akasema. "Haya, tuchague. Wengi wa umri wako wanapenda kijani, inasaidia presha."

"Njano."

Akaangalia faili. Akaangalia tena. Akainama mpaka manukato yake yakamfika Sekidio puani, akamnong'oneza kama binadamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Baba, huko njano muuaji ni wewe. Hujasomewa?"

"Nimesomewa."

"Kwenye kijani wewe ni huru. Unarudi kwako, unaishi."

"Na yeye?"

Bibi akapekua kijitabu cha vifungu, akakifunga. Akafungua mkanda mmoja. Sekidio akabandika nyama ya kidole chake kwenye rangi ya njano, akaibana hapo mpaka damu ikafunika kioo kizima na simu ikaimba chini ya damu. Ujumbe wa kwanza kumfikia katika uhuru wake ulisema muuaji wa Machimbo bado anasakwa, mwananchi ukimwona toa taarifa. Kitengo kizima kilimwona. Walimpigia makofi, wakampa cheti, wakamfungulia mlango.

Kitojo aliusoma ujumbe ule Ijumaa jioni, akaupangusa damu, akausoma tena ili daftari liridhike. Akafungua mlango. Sanda alitoa yake mwenyewe, aliyokuwa amejiwekea.

*

Kaburi Sekidio alilichimba mwenyewe Jumamosi asubuhi, ukingoni mwa machimbo, kwa mtaimbo na mkono mmoja, bega limefungwa kanga. Ardhi ya pale ni jiwe tupu, wengine wangeshindwa. Mbonea alizoa vifusi.

Watu walikuja wengi. Watu wa kijani walikuja kuzuia kisizikwe kitu ambacho hakipo, wakasema ndani ya jeneza lazima kuna magendo. Watu wa bluu walikuja wamekasirika kwamba mgonjwa anayetibiwa kwa kodi zao anafanyiwa matanga. Watu wa njano walikuja na kamba yao wenyewe, kumsaidia hakimu. Katekista alifungua kitabu, akasema tumekutana hapa, na hapo rangi zote tatu zikauliza tumekutana kufanya nini, na likaanza.

Walipigana kwa majembe, kwa mawe, na mawe yalikuwepo, miaka thelathini na moja ya mawe yaliyopasuliwa kwa ukubwa wa ngumi. Katekista alipigwa na msalaba wake. Wale wanakwaya waliovunjana mbavu wakapata nafasi ya mbavu zilizobaki. Mtu wa bluu na mtu wa kijani waling'atana wakaviringika mpaka kaburini, wakaangukia jeneza, wakaendelea humo humo, mmoja akisema hayupo na mwingine akisema hajambo. Mbonea aliruka ndani akawatoa kwa nywele. Vumbi la kokoto likapanda likafunika wote, wakawa rangi moja, ndipo wakapigana vibaya zaidi, kwa kuwa hakuna aliyejua tena anampiga nani.

Sekidio hakuangalia nyuma. Alikuwa kwenye ukingo, amepiga magoti, anasukuma udongo ndani kwa kiganja. Jiwe likampata kisogoni, akayumba, akashika udongo mwingine. Alisukuma mpaka jeneza likapotea, mpaka shimo likajaa, mpaka likavimba juu. Alikuwa analia, lakini hakuacha kusukuma.

Ving'ora vilipokuja waombolezaji wakakimbia, waliobaki walikuwa wale wasioweza kukimbia. Wasaidizi wakawasaidia. Afande Tibezuka alishuka na fomu, akavuka majeruhi kwa uangalifu asichafue viatu, akasimama mbele ya kaburi. Alikuwa mtu wa kazi, hakutaka kupoteza muda.

"Wewe ndiye Sekidio? Umemuua mkeo?"

"Ndiyo, Afande."

Afande akashangaa, maana kwa kawaida neno hilo hulipata baada ya siku tatu na ndoo ya maji. Akatoa kalamu. Akauliza ilikuwa wapi. Sekidio akasema uwanja wa shule, mbele ya meza. Akauliza saa ngapi. Saa nne asubuhi, siku ya uchaguzi. Akauliza kwa silaha gani. Kwa marungu ya serikali, na watu wengi walikuwepo, na aliyeketi mezani aliangalia mpaka mwisho.

Kalamu ikasimama. Wanaume wawili wale wakatazamana juu ya tuta la udongo mbichi. Mbonea alikuwa karibu, panga liko chini ya mguu wake, na hakuliinamia. Fomu haikuwa na sehemu ya kukataa maneno ya mshitakiwa anayekiri. Afande Tibezuka alikuwa ameshika hadhi yake maisha yote kwa kujaza fomu mpaka mstari wa mwisho. Akafuta jasho. Akaandika, uwanja wa shule, mbele ya meza, saa nne, marungu ya serikali.

"Jina la marehemu?" akauliza, sauti imeshuka.

"Nakijwa binti Mbazi," Sekidio akasema. "Andika lote, Afande. Halafu uandike amekufa."

Afande Tibezuka akainama juu ya fomu, akaandika: amekufa.